Mama Yao Anaamini Wanajua Kuogelea

Shangazi wa ukurasa huu,

Hujambo na kazi. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, na kama unasoma umesimama tafuta kiti, maana habari yenyewe ni ndefu na mimi naiandika nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya duka la mteja, nasubiri friza lake lishike baridi, na nimekuandikia wewe kwa sababu ndugu zangu nikiwaeleza watacheka kwanza halafu watasahau kunishauri.

Mimi ni fundi wa majokofu. Mke wangu ni nesi wa wodi ya watoto. Tuna watoto wawili, binti wa miaka sita ambaye wote tunamwita Meneja, kwa sababu tangu aanze kusema sijawahi kumsikia akiomba kitu, yeye hutoa maagizo, na mdogo wake wa miaka minne, Bonge, ambaye haogopi chochote duniani isipokuwa kuchanwa nywele. Kiangazi kilipoanza na shule zikafungwa tulikaa tukapangiana, mama anaingia kazini asubuhi, mimi kazi zangu ni za kuitwa, kwa hiyo watoto watashinda na mimi, na kila siku nitawapeleka bwawa la manispaa mpaka wajue kuogelea.

Hili la kuogelea kwa mke wangu si mchezo. Mwaka jana waliletewa wodini mtoto aliyetolewa majini, akapona, sasa hivi anakimbia na wenzake kama hakuna kilichotokea, lakini siku ile mke wangu alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake miguuni, akaniambia kiangazi kikija wanetu watajua kuogelea. Nikasema sawa, na nilisema kwa moyo mmoja. Halafu kaka yake, yaani shemeji yangu, amehamia nyumba iliyo kando ya ziwa na ametualika tukakae huko wiki nzima likizo hii, kwa hiyo jambo likazidi kuwa la lazima.

Sasa sikiliza nilivyoharibu. Siku ya kwanza tulikwenda kweli, taulo begani, Bonge ameshavaa chupi ya kuogelea juu ya suruali yake, na tukakuta geti limefungwa, wanabadilisha maji, mlinzi akasema tupite kesho. Nikiwa bado nimesimama pale najiuliza niwapeleke wapi, simu ikalia, muuza nyama, friza limezima tangu asubuhi na nyama imeanza kutoa jasho, na wewe unajua jua likianza kuwaka majokofu ya watu yanakufa kama yameambiana. Ningefanyaje? Niliwabeba wote wawili nikaenda nao.

Shangazi, sijawahi kuona watoto wakifurahi namna ile. Meneja nilimpa tochi animulikie nyuma ya friza, akamulika kwa heshima kama amepewa kazi serikalini, na Bonge nikampa kikombe cha skrubu akilinde, akakilinda kiasi kwamba mwenye duka mwenyewe alipotaka kupita aliambiwa azunguke. Na kazi yetu hii ina jambo ambalo watu hawalijui, ukishatengeneza huondoki. Jokofu linaweza kunguruma vizuri mbele yako, ukifika kona linazima, kwa hiyo fundi anayejiheshimu anakaa na kusubiri mpaka aone baridi kwa mkono wake. Mafundi wengi saa hizo tunasinzia. Wanangu hawakusinzia. Walianza kumuuzia muuza nyama nyama yake mwenyewe, Meneja anapanga bei, Bonge anafunga kwenye gazeti, na yule bwana mkubwa mwenye shingo nene akawa anabembeleza apunguziwe. Mwisho alipofungulia mpira wa maji aoshe sakafu, akawamwagia na wao, wakatoka hapo wameloa hadi masikioni, wanacheka mpaka kwikwi.

Tukafika nyumbani. Mama yao siku hiyo alikuwa ametangulia kurudi. Akaona nywele zimeloa, akaona taulo begani, akapiga makofi, akasema, "Mmeogelea." Wala hakuuliza, Shangazi, alisema, na uso wake ulifunguka hivi kwamba nilishindwa kuufunga. Meneja akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Meneja. Nikasema, "Maji yalikuwa mazuri."

Basi, ndiyo hivyo. Siku iliyofuata sikupita hata karibu na lile geti, maana asubuhi asubuhi aliniita muuza maua, chumba chake cha baridi kinavuja, na watoto walishinda humo wamevaa makoti ya wafanyakazi yanayoburuza chini, wakapewa maua yaliyovunjika shingo wakafanya harusi ya ndoo na fagio, wakatoka wananukia vizuri kuliko mimi siku niliyooa. Kesho yake tukaenda kwa mzee mmoja mstaafu anayeishi peke yake, nilipofungua jokofu nikakuta betri za redio, miwani na magazeti ya zamani yamepangwa vizuri, Bonge akamuuliza chakula kiko wapi, mzee akajibu chakula kiko kwa dada yake, hapa jokofuni anakuja kusoma. Tukaenda kwenye duka la aiskrimu ambako mashine ikitengenezwa ni lazima ijaribiwe, na wajaribu walikuwa wawili, na mmoja wao alidai bado hana uhakika mpaka tumbo likawa kama ngoma. Yaani kila siku nikiamka nawakuta wameshavaa viatu, Meneja na tochi mkononi, ananiuliza leo tunakwenda kumtibu nani.

Usidhani mimi ni mzembe. Sheria ya kwanza niliyowafundisha ni kwamba mtoto haingii ndani ya jokofu hata kwa mzaha, na jokofu bovu likiingia uani kwangu kitu cha kwanza ninachofanya ni kung'oa mlango, kabla sijanywa hata maji. Waya hawashiki, gesi hawasogelei. Kwa hayo niko makini, muulize yeyote.

Ila sasa kila jioni kabla ya kurudi ilibidi tupitie nyuma ya gereji ya rafiki yangu, kuna bomba pale, tunalowesha nywele na taulo. Siku moja mke wangu akanusa taulo akashangaa mbona halina harufu ya dawa ya bwawa, basi nikaanza kutia matone ya dawa ya kung'arishia nguo kwenye maji ya taulo, na taulo ambalo lilikuwa la bluu sasa lina madoa meupe kama ramani, na mke wangu anasema manispaa inazidisha dawa, anataka kwenda kuwalalamikia. Nikamsihi asiende, nikasema na wao wanajitahidi.

Na Meneja, mwanangu, amekuwa hodari kupita mimi. Mezani anaulizwa leo vipi, anasema leo amefika upande wa kina kirefu, na kuna mwalimu mwenye filimbi, na kuna mtoto ambaye kaptula yake ilimvuka ikaelea, na mama yake anacheka mpaka anaweka kijiko chini, na mimi natazama sahani yangu. Ili uongo usimponyoke mdogo wake, Meneja akaamua kumfundisha. Alitandika boksi la friji jipya uani, wakalalia matumbo, wanapiga miguu, wanapiga mikono, "pumua pembeni, Bonge, pumua pembeni," na Bonge alipomaliza boksi zima bila kusimama, Meneja akamwambia amefaulu, akambandikia kifuani ile stika inayotoka kwenye mlango wa friza. Bonge analala nayo. Majirani wote ameshawaambia anajua kuogelea, na anaposema hivyo hadanganyi, anaamini kabisa, mtoto wa watu, inachekesha sana ukimwona.

Tatizo ni kwamba Jumamosi ya wiki ijayo mke wangu amechukua mapumziko aje atazame. Mama mkwe anakuja pia, na kiti chake cha kukunja. Wodi nzima imeshaambiwa. Na siku inayofuata tunaondoka kwenda kwa shemeji.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu si hicho. Jana nilikuwa nawaogesha, Meneja akanisogelea sikioni akaniuliza, "Baba, Jumamosi tutasemaje?" Nikaendelea kumsugua mgongo. Akasema, "Tuseme sikio la Bonge linauma. Hapana, mama ni nesi, atalitazama. Tuseme langu, mimi najua kulia." Alisema kwa sauti ya kikazi, kama fundi mwenzangu ninayejadiliana naye kompresa. Shangazi, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Sabuni ilinidondoka.

Sasa nakuuliza. Nimwambie mke wangu? Mimi nilikuwa nafikiri Jumamosi tumsingizie mtu mafua, twende zetu ziwani, tufurahi ile wiki bila kumtibulia moyo, halafu tukirudi, akiwa ameshapumzika, nimweleze taratibu. Au unaonaje? Na huyu binti nimrudisheje kwenye njia wakati aliyempoteza ni mimi?

Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi, tafadhali usiichapishe. Ila kama jokofu la ofisini kwenu lina shida yoyote, piga.

Mimi Fundi Majokofu

~

Fundi,

Barua yako haikungoja zamu. Nilipofika kwa Bonge na boksi lake niliiweka chini, nikageuza karatasi, nikapiga ile namba. Ukapokea ukaniuliza jokofu langu ni la milango mingapi. Nikakuambia mimi ni Shangazi wa gazeti, na nyuma yako nikasikia mtoto wa kike akimwambia mtu mzima aondoe mguu wake njiani. Nilikuambia mambo mawili tu: Bonge asisogee kwenye maji yoyote bila mkono wa mtu mzima kumshika, na Alhamisi ununue gazeti mapema. Ukajibu, "Sawa, Shangazi, lakini Bonge amefanya nini?"

Swali hilo ndilo lililoninyima raha, kwa hiyo tukae hapo kwanza.

Nimecheka, sikufichi. Muuza nyama kubembeleza apunguziwe nyama yake nimewasomea wenzangu chumba kizima. Lakini hebu irudie barua yako mwenyewe utazame unaogopa nini. Unamwogopa mkeo, unamwogopa mama mkwe na kiti chake, unaona haya mbele ya wodi nzima, na unamhurumia Meneja kwa sababu amekuwa mwongo. Yote sawa. Maji hujayaogopa hata kwa mstari mmoja. Wewe, ambaye hunywi maji kabla hujang'oa mlango wa jokofu bovu asije mtoto akajifungia, unataka kumpeleka ziwani mtoto wa miaka minne asiyeogopa chochote, ambaye anaamini anajua kuogelea kwa sababu amefaulu mtihani juu ya boksi, na ukaona inachekesha.

Atakimbia, Fundi. Mtafika kwa shemeji, mizigo haijashushwa, naye atakimbia moja kwa moja mpaka majini kwa sababu dada yake amemwambia amefaulu na yeye anamwamini dada yake. Na mkeo? Huyo nesi ambaye angekuwa wa kwanza kuruka na nguo zake atatulia. Atakuwa anakumbatiana na wifi yake, anaulizia jiko liko wapi, mgongo ameupa ziwa, kwa sababu wewe baba watoto umemwambia wanajua. Huo ndio uongo wako ulipo. Mkeo alijiwekea macho nyuma ya kichwa tangu siku aliyorudi akakaa kitandani na viatu, na wewe umemfumba hayo macho kwa maneno matatu, maji yalikuwa mazuri.

Na unataka kumwambia mkisharudi. Mkirudi wangapi?

Neno hilo ni kali na sitaliomba radhi. Lakini sikuandiki kama mtu mbaya, maana mtu mbaya hadondoshi sabuni. Tuendelee.

Kuna jambo ambalo hukuliandika ila nimelisoma. Bwawa lilifungwa siku moja, wakibadilisha maji. Siku zilizofuata lilifungwa na nani? Mlinzi alikuambia upite kesho, na kesho yake unasema hukupita hata karibu. Muuza maua alikuita, najua, na mzee wa betri alikuita, na aiskrimu ikakuita, lakini mtu mwenye watoto anaopaswa kuwafundisha kuogelea na asiyepata hata saa moja likizo nzima, huyo mimi namtilia shaka. Nadhani wewe mwenyewe hujui kuogelea. Nadhani ulisimama pale getini, ukaona kufuli, ukafurahi kimoyomoyo. Mkeo alipopanga kwamba wewe ndiye utakayewafundisha ulikubali kwa moyo mmoja kama ulivyosema, na hukuweza kumtazama machoni ukamwambia, mwenzio naogopa maji. Kama nimekosea niandikie unisute. Ila naona sijakosea.

Si aibu, baba. Watu wazima wasiojua kuogelea wamejaa, na wengine wao wanakaa humu ofisini kwangu. Aibu ni kumwachia mtoto wa miaka sita kazi ya kuufunika woga wako.

Sasa fanya hivi. Mwambie mke wako. Usianze na geti, usianze na muuza nyama, usimpitishe kwenye nywele na bomba na taulo mpaka acheke kabla hajajua anachekea nini. Ninyi wenye hadithi nzuri mna tabia hiyo, mnamchekesha mtu kwanza ili msamaha utoke wenyewe. Anza na watoto hawajui kuogelea. Umwache akae na hilo. Atakasirika, na ana haki, na wewe usijitetee kwa kusema watoto walifurahi. Ukimaliza hilo mwambie na la pili, kwamba hata wewe hujui. Naona hilo la pili litakuwa gumu kinywani kuliko la kwanza.

Akitulia, na atatulia kwa wakati wake, ndipo umpe siku zenyewe. Maana kuna kitu kingine umemnyima. Mkeo anashinda na watoto wa watu wenye homa na drip, anarudi anataka kusikia wake walivyoshinda, na umekuwa ukimlisha mwalimu wa filimbi asiyekuwepo wakati kulikuwa na harusi ya ndoo na fagio. Ningekuwa yeye hilo lingeniuma karibu sawa na lile la maji. Mweleze yote. Na siku yake ya mapumziko inayofuata mchukueni muende naye kwa mteja, mpeni kazi. Asipewe tochi, Meneja hatakubali, lakini kitakuwepo cha kushika. Hizo safari zenu msiziache. Watoto wachache wanapata kujua baba yao anafanya nini akitoka mlangoni, na wako wanajua mpaka namna ya kusubiri. Hapo umewalea vizuri na nisingependa uniseme kwamba nilikukataza.

Meneja usimwadhibu. Usimhutubie pia, nakujua, utataka kumkalisha umweleze ubaya wa uongo kana kwamba aliuokota barabarani. Mwite akiwa mama yake yupo, umwambie mbele ya mama: uongo ulikuwa wa baba, baba ndiye aliyeuanzisha, na kuanzia sasa huna haja ya kukumbuka umesema nini jana. Utamwona anavyolegea. Mtoto anayejiandaa kulia kwa ajili ya sikio lisilouma amechoka, hata kama sauti yake ni ya kikazi. Mama yake akitaka kumkumbatia wewe kaa pembeni, siku hiyo si yako.

Bonge hajadanganya mtu, kwa hiyo stika yake msimvue. Mwambieni amefaulu somo la nchi kavu, na kwamba somo la majini linaanza upya na wanafunzi wote wanaingia wameshikwa mkono. Akikataa, na atakataa, Meneja atamwamuru. Mpeni Meneja kazi hiyo, ya kumwambia mdogo wake kwamba boksi si maji. Yeye ndiye aliyemfaulisha, yeye ndiye atakayeaminiwa.

Jumamosi, keshokutwa, nendeni bwawani kama mlivyopanga. Hakuna mafua, hakuna sikio. Mtafuteni mwalimu wa kweli, bwawa la manispaa halikosi mtu, na waingie wanafunzi watatu upande wa kina kifupi, wewe ukiwa wa tatu, umevaa kaptula, umeshika ukingo. Mama mkwe aje tu. Mkwe anayejifunza kuelea akiwa na kipara na watoto wawili hajawahi kumdhuru mama mkwe yeyote, na kama atacheka, muache acheke, amesafiri. Kama huna kipara nisamehe, ndivyo nilivyokuona nilipokuwa nasoma.

Ziwani nendeni, msimnyime shemeji wageni wake. Ila Bonge na dada yake hawavui jaketi la kuokolea wakiwa nje ya nyumba, hata wakila, hata wakisema wanawashwa. Na kila saa mmoja wenu watu wazima awe ndiye mtazamaji, aitwe hivyo mbele ya wote, hana simu, hana kitunguu cha kukata, kazi yake ni kutazama watoto na maji mpaka mwenzake aje kumpokea. Kazini kwako umezoea kukaa na kutazama kitu kimoja mpaka uwe na uhakika. Zamu nyingi chukua wewe.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba umwambie leo jioni, watoto wakishalala. Nimefuta. Jioni huna, Fundi. Uliniomba nisichapishe namba yako, sikuichapisha. Hukuniomba nifiche lingine lolote, na sijaficha. Meneja ni Meneja, Bonge ni Bonge, taulo lina madoa yake, na nesi wa wodi ya watoto ni mke wa fundi majokofu. Kwa miaka niliyokaa kwenye ukurasa huu, barua nyingi kuliko za mahali pengine popote zinanijia kutoka hospitali, na manesi wenyewe wameniambia jinsi wanavyonisoma: gazeti moja, kwa sauti, chai ya saa nne, wote mezani.

Acha huyo mteja na friza lake asubiri. Wavishe watoto viatu, washike mkono, nenda wodini sasa hivi umwite mkeo nje kwenye korido kabla mtu hajafungua ukurasa huu. Mwambie watoto hawajui kuogelea. Mengine atakuuliza mwenyewe, na safari hii umjibu yote.

Shangazi